Maduka ya pembejeo, acheni kutuuzia mikasi ya kupogolea inayotuumiza mikono

Ndugu wanajukwaa,

Mavuno yamekwisha, kazi ya kupogoa mibuni imeanza huku mkoani Kilimanjaro, na maduka ya pembejeo yamejaza tena mikasi ambayo mtu akiitumia asubuhi moja tu, jioni hawezi kukunja vidole. Nimechoka kunyamaza.

Mkasi ninaoulalamikia una mipini inayotanuka kupita kiasi, hata mwenye kiganja kidogo, wakiwemo akina mama wengi wanaoondoa maotea, yaani machipukizi yasiyotakiwa, mashambani, hawezi kuufikia kwa kidole cha mwisho, na nguvu yote inaelemea vidole vilivyobaki na kifundo cha mkono. Kwenye mpini wa juu kuna mshono wa plastiki ulioachwa bila kulainishwa, na hapohapo, chini ya kidole gumba, ndipo malengelenge yanapoanzia. Springi nayo hufyatuka na kupotelea kwenye majani makavu. Ukirudi dukani kuulizia nyingine, unaambiwa ununue mkasi mzima. Anayetumia mkono wa kushoto ndiye hafikiriwi kabisa.

Linaloniudhi zaidi ni ile ribiti, pini isiyofunguka inayounganisha visu viwili. Mkasi usiofunguka hauwezi kutunzwa ipasavyo, kwa sababu utomvu hugandia katikati ya visu viwili, kutu inaingia, na kila ukikata unalazimika kubana kwa nguvu zaidi. Ukiwa na bolti, unaufungua, unasugua utomvu, unanoa kwa kinoo upande ule wenye mteremko peke yake kwa kufuata pembe yake ya awali, unatia tone la mafuta ya cherehani, kisha unakaza nati mpaka visu vipishane bila kuchezacheza. Ni kazi ya dakika chache, na mkono unapumzika. Tunanyimwa hata hilo.

Muuzaji ukimuuliza tofauti ya mkasi ambao visu vyake hupishana na ule ambao kisu chake hugota kwenye bamba, anakutazama tu. Huu wa pili unafaa kwa matawi makavu. Kwenye tawi bichi huponda gamba, na jeraha lililopondeka huchelewa kupona na kuwa mlango wa magonjwa. Wenzetu wa Kagera, walioathiriwa na mnyauko fuzari, ugonjwa wa kuvu unaokausha mibuni, wanajua hatari ya kuhamisha ugonjwa kwa zana kutoka mti hadi mti. Visu vinatakiwa kufutwa kwa spiriti, sasa utafutaje sehemu usiyoweza kuifikia?

Wala asije mtu akasema haiwezekani kutengeneza kitu bora. Kampuni ya Felco ya Uswisi, iliyoanzishwa mwaka 1945, ina mikasi ya viganja vidogo, ya mkono wa kushoto, hata yenye mpini unaozunguka ili kupunguza msuguano kiganjani, na vipuri vyake huuzwa kimojakimoja. Bei yake ni kubwa, na sidai kila duka la kijijini liiweke. Ninachodai ni mkasi wa bei ya kawaida wenye bolti inayofunguka, springi za akiba kaunta, na ruhusa ya mnunuzi kuutoa mkasi kwenye pakiti na kuukamata kabla ya kulipa.

Vyama vya ushirika vinavyoagiza mikasi kwa jumla kwa kuangalia bei tu navyo vijibu: ni nani kati ya walioidhinisha ununuzi huo aliyewahi kupogoa nao hata shina moja?