Kofia ya chuma ya Kijerumani yenye rangi nyeupe: ya vitani au imepakwa juzi?

Juma_Leipzig: Wakuu, habari zenu. Jana kwenye soko la vitu vikuukuu hapa Leipzig nimeona kofia ya chuma ya Kijerumani, M40 (muundo wa 1940), imepakwa nyeupe juu ya kijani, ile ya kujifichia kwenye theluji. Ndani ina mhuri Q64. Nyeupe imeenea kote, hata kwenye matundu ya hewa. Muuzaji anasema ilitoka Urusi, Vita vya Pili vya Dunia, anataka euro 900. Ninunue?

Kombo: Q ni kiwanda cha Quist, kule Esslingen, na 64 ni saizi ya chuma. Lakini mhuri unashuhudia chuma tu, ndugu yangu, haushuhudii rangi. Kofia halisi ikipakwa nyeupe bei inaruka, na wapakaji wanalijua hilo.

FundiRangi: Juma, subiri kwanza. Nimepiga rangi magari miaka 22, Mombasa kisha Hamburg, na kofia hizi nazipenda sana.

Baridi ya 1941 iliwakuta askari wa Kijerumani karibu na Moscow bila vifaa vya kutosha vya theluji. Walipaka walichopata, chokaa au chaki, kwa brashi na kwa haraka. Chokaa haikai: mvua inaiosha, mikono inaifuta. Kwa hiyo ya kweli mara nyingi imebaki kwenye vipembe, kuzunguka vichwa vya ribiti (vile vipini vya chuma vinavyoshika bitana ya ndani) na matundu, huku utosini na ukingoni, mkono unaposhika, kijani kimetokeza. Hiyo yako iliyojaa kila mahali inanitia shaka.

Nenda na lenzi, tazama kutu. Kutu ya kweli hutoka chini ikaipasua rangi. Ukiona nyeupe imelala ndani ya vishimo vya kutu, ujue kutu ilitangulia, na chuma hakiliki hivyo kwa mwaka mmoja au miwili ya vita. Mulika pia na taa ya kukagulia noti. Baadhi ya rangi za siku hizi hung'aa bluu, ila isipong'aa usishangilie. Na tafadhali, usiiguse kwa thina! Ikiwa ya kweli utakuwa umeiua.

Juma_Leipzig: Nimerudi leo asubuhi na lenzi. Chini ya ribiti ya kushoto kuna vishimo vya kutu, na nyeupe imejaa humo mpaka chini. Nimemrudishia kofia yake. Asante sana, fundi.

FundiRangi: Ukiona nyingine, piga picha ya ukingo na ya ribiti zote kabla ya kutaja bei.