PHP 8.3 na Nginx: napata 502, naombeni ushauri

Habari zenu wakuu. Nina seva ya Ubuntu 24.04, PHP 8.3 nimeiweka kwa apt. Nginx (programu ya seva ya wavuti) nimeitoa kwenye hazina ya nginx.org, kwa hiyo inaendeshwa na mtumiaji anayeitwa nginx, siyo www-data ambaye PHP inamtumia. Kurasa za HTML zinafunguka vizuri. Nikifungua index.php naletewa kosa la 502 (Bad Gateway), na logi inasema "Permission denied" kwenye /run/php/php8.3-fpm.sock, yaani soketi ambayo Nginx inaitumia kuongea na PHP. Huduma ya php8.3-fpm, inayoendesha PHP, iko hai, nimehakikisha.

Je, nibadilishe listen.owner na listen.group (mmiliki na kundi la soketi) kwenye www.conf, faili la mipangilio ya php-fpm, au nimwingize nginx kwenye kundi la www-data? Chmod 777 (kumpa kila mtu ruhusa zote) sitaki kabisa, kwenye seva hii mna taarifa za wanafunzi. Aliyewahi kukutana na hili anielekeze tafadhali, matokeo ya mitihani yanasubiriwa.