Sakafu ya mbao nyumba ya zamani Moshi, nianze nayo au nipange vitu kwanza?

MamaK_Moshi
Wakuu habari zenu. Tumehamia Shanty Town juzi Jumamosi, nyumba ya zamani, sebule na vyumba viwili chini ni mbao tupu, nilipoiona tu nikaipenda jamani, mimi nimekulia kwenye sementi nyekundu ya kusugua na kipande cha blanketi. Sasa imechoka, pale mlangoni imekuwa nyeusi, kwingine polishi imeganda ukikwangua na kucha inatoka kama nta ya mshumaa, misumari imechomoza mtoto kashachana soksi. Fundi mmoja kasema tupige vanishi juu kwa juu siku moja tunamaliza, mwingine kasema ng'oa weka tailizi. Kung'oa sitaki. Na maboksi yamejaa sebule nzima, jana mwiko nimeutafuta mpaka ugali ukaungua. Nifanyeje?

FundiMbao_Rau
Pole na kuhama dada. Vanishi juu ya polishi USIKUBALI, haishiki, itabanduka vipande vipande na hela yako imeenda. Dondoshea maji tone moja, yakisimama duara kama juu ya jani la gimbi ujue nta bado ipo. Itoe kwa kitambaa chenye tapentaini, madirisha wazi, jiko lisiwashwe karibu. Misumari yote ishindiliwe chini ya uso wa mbao kabla ya msasa, maana mmoja tu ukibaki unachana msasa wote. Halafu msasa namba 40, 80, umalizie 120, ufuate nyuzi za mbao, na fundi akija na grainda mrudishe, inachimba viduara ambavyo unakuja kuviona vanishi ikishakauka. Vumbi lifute mpaka kwenye pembe. Vanishi mkono wa kwanza iwe nyepesi, ikikauka gusa na msasa laini, rudia mara mbili. Na vile vitambaa vya mafuta au vanishi usivirundike, vianike nje vikauke vimetandazwa, vikirundikwa vinapata moto vyenyewe na kuwaka, hili msilichukulie poa.

Kijana_wa_Pasua
Hapo peusi choma na ncha ya kisu kwanza. Ikizama kirahisi mbao imeoza au mchwa wamepita, badilisha hicho kipande. Ikiwa ngumu ni maji tu.

MamaPacha_Sakina
Mama K mwanangu, usifungue maboksi! Mimi hapa Arusha nilipanga kabati zote nikaja kupiga msasa baadaye, vumbi likaingia mpaka kwenye vikombe, nilisuuza vyombo siku mbili. Hamishia kila kitu chumba kimoja, bakiza nje boksi moja tu la sufuria, sahani, dawa na nguo za shule, chini ya mlango ziba na kanga mbichi. Majina andika ubavuni mwa boksi, juu ukiyapandanisha huoni. Vanishi ikikauka kabati zito lisubiri kama wiki hivi, na miguu ya meza gundisha vipande vya sweta kuukuu. Ukipiga deki kitambaa ukikamue sana, mbao haipendi maji.

MamaK_Moshi
Asanteni sana mama na kaka zangu. Nimedondosha maji sebuleni, yamesimama duara kabisa. Mlangoni kisu hakijazama, nimefurahi mno! Yule wa vanishi nimeshampigia asije, maboksi mume wangu anayahamishia chumba cha nyuma sasa hivi. Mwiko uko boksi la viatu.