Maonyesho, mibofyo na viungo rejea: naomba kueleweshwa

Swali: Wanajukwaa, salaam. Nina tovuti ya kuuza vikoi hapa Mombasa. Ripoti ya Google inaonyesha maonyesho 2,000 na mibofyo 40, na fundi wangu anashauri nilipie viungo rejea. Maneno haya yana maana gani?

Jibu la 1: Onyesho huhesabiwa kila kiungo chako kinapotokea katika matokeo ya utafutaji, hata kama mtafutaji hakukigusa, mbofyo ni pale anapokifungua. Gawanya 40 kwa 2,000, upate asilimia 2, ambayo ndiyo kiwango cha mibofyo. Hebu tazama kichwa cha ukurasa wako kinachoonekana katika matokeo hayo: kikisomeka "Nyumbani" badala ya "Vikoi vya pamba, Mombasa", mteja atajuaje unauza nini?

Jibu la 2: Viungo rejea, yaani viungo vilivyo katika tovuti nyingine vinavyoelekeza kwako, usinunue, nakusihi. Waanzilishi wa Google, Larry Page na Sergey Brin, walipoeleza PageRank, njia yao ya kupima umuhimu wa kurasa, mwaka 1998, wakiwa Stanford, walichukulia kiungo kutoka tovuti nyingine kuwa kama kura ya kuaminiwa, na ndiyo maana Google hukataza kura za kununuliwa na huweza kuishusha katika matokeo tovuti inayokiuka.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Nimetazama, na kweli kimeandikwa "Nyumbani"; nakibadilisha leo.