Gosplan ilisawazishaje mahitaji ya viwanda?

Swali: Gosplan, tume ya mipango ya Umoja wa Kisovieti iliyoundwa 1921, ilijuaje chuma kiasi gani kizalishwe?

Jibu: Kwa mizania ya bidhaa, yaani jedwali linalolinganisha kinachopatikana na kinachohitajika. Upande mmoja uzalishaji, uagizaji na akiba ya mwanzo; upande wa pili viwanda, ujenzi, mauzo ya nje na akiba ya mwisho. Pengo likitokea, walikata mgao au kupandisha malengo. Ugumu ndio huo: chuma zaidi kinadai makaa zaidi, makaa yanadai mabehewa. Kurekebisha mnyororo wote kulichukua muda mno, wakaishia hatua chache za kwanza.

Jibu: Pia lengo jipya lilijengwa juu ya matokeo ya mwaka uliopita, hivyo wakurugenzi walificha uwezo wa viwanda na kuomba malighafi kupita kiasi.

Jibu: Vipimo navyo viliharibu! Lengo la mabati likiwa kwa tani, yanatoka mazito. Kwa mita za mraba, membamba.