Naomba ushauri: riwaya ya upelelezi ya kijijini Uingereza, wapenzi wake ni wanaume wawili

Mwandishi wa Zamu ya Usiku

Wakuu, salaam.

Naishi Uingereza mwaka wa kumi na moja sasa. Nina sura 14 za riwaya ya upelelezi kwa Kiswahili, ile aina tulivu: kijiji kidogo cha pwani ya Norfolk, maiti moja, damu hakuna, chai kwa wingi, na anayefumbua si polisi bali mtu wa kawaida mwenye jicho kali. Kijiji nimekibuni. Mwaka ni 1962.

Mfumbuzi ni Arthur, mwenye duka la vitabu vikuukuu. Mpenzi wake ni Tom, mpiga kinanda wa kanisa. Aliyeuawa ni karani mstaafu wa posta, ambaye miaka yote alikuwa akifungua barua za watu kwa mvuke wa birika, kisha anawatoza wenyewe hela za kunyamaza. Amewekewa sumu kwenye chai.

Nimewapa watu wawili wasome. Mmoja anasema mapenzi yamemeza kesi. Kufika sura ya 5 hakumbuki tena nani kafa. Mwingine anasema Tom anapotea sura sita nzima, anakuja kuibuka mwishoni. Wote naona wamesema kweli. Naandika sura ya kesi, kisha sura ya mapenzi, kisha narudi kwenye kesi.

Nifanyeje viende pamoja? Nihamishie hadithi miaka hii ambapo ndoa yao inaruhusiwa? Na jambo linaloniumiza kichwa kuliko yote: niwaite nani hawa watu kwa Kiswahili bila kuwatukana?

Kiko cha Babu

Mkuu, kwanza hongera. Sisi wa umri wangu tulikua na Bwana Msa, mfumbuzi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, na Bwana Msa naye si polisi: ni mtu wa kiko na fikra, na rafiki yake Najum pembeni. Kwa hiyo upelelezi wa utulivu si mgeni katika Kiswahili. Wewe unauongezea chumba.

Usihame 1962. Shida yako ni kwamba mapenzi na kesi umeviweka nyumba mbili. Jiulize: usiku wa mauaji Arthur alikuwa wapi? Kama alikuwa na Tom, basi kitu pekee kinachoweza kumtoa kwenye orodha ya washukiwa ni kitu asichoweza kukitamka. Akisema “nilikuwa na Tom”, anajivua kosa la kuua na kujivika kosa jingine, tena anamburuta Tom naye. Hapo kila swali la inspekta ni swali la kesi na ni swali la mapenzi kwa wakati mmoja. Huhitaji tena sura ya zamu.

La pili, na hili nalipenda mno: lugha yetu imekupa silaha. Kiswahili hakisemi kama “yeye” ni mwanamume au mwanamke. Shahidi akisema “alikuwa na mpenzi wake”, msomaji atachora mwanamke kichwani mwake mwenyewe, na wewe hujadanganya hata herufi. Padri Ronald Knox alipoandika kanuni zake kumi za hadithi za upelelezi mwaka 1929, kiini chake kilikuwa haki kwa msomaji: asifichwe kitu alichokiona mfumbuzi. Hapa msomaji hafichwi kitu. Kila kitu kiko mezani.

Msahihishaji

Kiko, naheshimu wazo lako lakini lina tundu. Watu hawa ndani ya hadithi wanaongea Kiingereza. Shahidi aliyemwona Tom kwa macho angemwambia inspekta kwa Kiingereza kuwa ni mwanamume, na inspekta angejua papo hapo. Msomaji makini akifika mwisho atarudi ukurasa ule na kuona umemlaghai kwa sarufi.

Kiko cha Babu

Umenishika, na ni vizuri umenishika. Basi shahidi asione. Asikie tu. Nyumba za safu za kule zinashirikiana ukuta. Jirani asikie vikombe viwili, kicheko, maji yakimwagwa. Kwa Kiingereza au Kiswahili, aliyesikia tu hawezi kujua ni nani. Na neno lake liwe “mtu wake”, kama tunavyosema uswahilini, si “mpenzi”. Halafu mpe kitu kimoja kidogo cha kumwelekeza msomaji kwa Tom, kitu ambacho inspekta atakipuuza.

Msahihishaji

Hapo sawa.

Wakili wa Pembezoni

Naongezea kwenye sheria, maana ukikosea hapa wasomaji watakuacha. Mwaka 1962 kilichokuwa kikiwafunga watu kama Arthur na Tom kilikuwa kifungu cha sheria ya mwaka 1885, kilichorudiwa katika Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1956: hadi miaka miwili jela, hata kama yametendeka nyumbani na wote wameridhia. Watu walikiita hati ya ruhusa kwa watozaji wa hela za kunyamaza, kwa hiyo marehemu wako umemchagua vizuri sana. Kamati ya Wolfenden, iliyoundwa na serikali, ilishapendekeza mwaka 1957 kwamba mambo ya faragha ya watu wazima yasiwe jinai. Bunge lilikaa miaka kumi, hadi Julai 1967, na hata hapo ni England na Wales tu, kwa wenye miaka 21 na kuendelea. Uskoti ilingoja hadi 1980. Kwa hiyo wapenzi wako wanaishi katikati ya pendekezo na sheria. Wanajua kuna watu waliokwisha kusema si jinai, na bado wanaweza kufungwa. Tumia hilo. Ni kusubiri ambako msomaji wa kwetu atakuelewa bila kufafanuliwa, maana vifungu vya namna hii tulivirithi kutoka kwa Waingereza hao hao na bado vipo.

Na muuaji wako usimnyonge. Baada ya sheria ya mauaji ya 1957, kitanzi kilibaki kwa mauaji machache, kama ya risasi, ya wakati wa wizi au ya askari polisi. Kuua kwa sumu peke yake kulikuwa kifungo cha maisha.

Nesi Mstaafu

Sumu usiieleze sana, mwanangu. Mfanye marehemu awe mgonjwa wa moyo anayetumia dijitalisi, dawa ya zamani itokanayo na mmea ambao bustani za kule umejaa, maua ya zambarau kama kengele. Daktari wa kijiji ataandika “moyo” na kufunga faili. Anayeshuku awe Arthur peke yake, kwa sababu anajua nani alikuwa na sababu.

Bi Mkubwa wa Tanga

Kuhusu neno. Mimi na wenzangu wanawake tunaitana “shoga” tangu utotoni, ni neno la urafiki, na linanichoma kuona limegeuzwa jiwe la kuwapigia wanaume. Usilitie mdomoni mwa msimulizi. Mhusika mwovu akilisema, msomaji ajue ni mwovu anasema. “Wapenzi wa jinsia moja” ni sahihi lakini ni lugha ya gazeti. Hakuna mtu anayelala pembeni ya “mpenzi wa jinsia moja”. Kwenye simulizi waite majina yao. Arthur anampenda Tom. Kiswahili kinatosha.

Kitandani usiingie, aina hii ya riwaya haiingii. Mapenzi yawe kwenye vikombe, kwenye nani anajua mwenzie anaweka sukari vijiko vingapi. Na nakuomba kwa dhati, usimuue Tom. Nimesoma hadithi nyingi ambamo mmoja wa watu hawa lazima afe ndipo mwandishi aridhike. Waache wazeeke. Tom ahamie juu ya duka kama mpangaji, kijiji kinyamaze na kuendelea kuletea keki.

Jina lako pia lifikirie. Kwetu Tanzania kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaanzia miaka 30 jela, Kenya cha 162 ni hadi 14. Vinahusu matendo, si kuandika riwaya, lakini watu hawasomi vifungu kabla ya kurusha mawe. Una ndugu nyumbani. Tumia jina la kalamu.

Mwandishi wa Zamu ya Usiku

Nimesoma yote mara tatu, asanteni sana. Bi Mkubwa, shikamoo. Tom hafi, na jina la kalamu ninalo. Sura saba nazifuta. Arthur atanaswa mwanzoni kabisa, na kitakachomtoa ni mhuri wa posta kwenye bahasha, wenye saa ya barua kuchukuliwa, ili asilazimike kumtaja Tom mbele ya mtu yeyote. Sura ya 3 nimeianza upya jana usiku. Naomba mnisomee:

“Usiku ule ulimsikia Bwana Arthur?” inspekta aliuliza.

“Nilimsikia. Ukuta wetu mmoja. Alikuwa na mtu wake, wanaosha vyombo, wanacheka chini chini. Mmoja akipiga mluzi wimbo wa Jumapili iliyopita. Saa ya kanisa ikagonga saa nne, na bado wanacheka.”

Inspekta alilowesha ncha ya penseli, akaandika: *Atafutwe mwanamke.*