Spika za mashua ya watalii: za kufunga, za kubeba, au nirudie za gari?

NahodhaKaskazi
Wakuu, asalaam alaykum. Nina mashua ya mbao ya futi 30, mashine ni Enduro 40 ya kuvuta kamba. Kazi yangu ni kupeleka wageni kuangalia jua likizama, Nungwi hadi Kendwa na kurudi, watu 12 hivi, masaa mawili na nusu majini. Mwaka jana nilifunga redio ya gari na spika mbili za gari za inchi 6.5, zote tezini, yaani nyuma. Kusi ya mwaka huu imezimaliza. Koni moja imelainika kama mkate uliochovywa chai, nyingine inakoroma tu. Na hata zilipokuwa nzima, wageni wa omoni, kule mbele, walikuwa hawasikii kitu huku wa tezini wakiziba masikio.

Sasa nataka zisizoingia maji na zenye sauti ya maana. Naona njia tatu: ninunue spika za baharini za kufunga, au spika moja kubwa ya Bluetooth niwe naibeba, au nirudie za gari kila mwaka kwa sababu ni rahisi. Mfukoni nina milioni moja na laki mbili za Tanzania. Naombeni uzoefu wenu, si matangazo ya dukani. Nawasilisha.

DogoMsasani
Mkuu usijitese. Chukua JBL Boombox 3, ni IP67 (namba ya kinga ya vumbi na maji), chaji saa 24, hakuna waya hakuna fundi. Jioni unarudi nayo nyumbani, mwizi hapati kitu.

FundiWaya
Dogo, saa 24 ni za sauti ya sebuleni. Ukiifungulia ishindane na Enduro na upepo wa baharini, saa hizo zinakatika mno. Ila hoja ya mwizi nakupa, hiyo ni kweli.

Nahodha, kwanza tuelewane kilichoua spika zako. Wewe unadhani ni maji. Mimi nafunga vyombo vya umeme kwenye boti, na nyingi ninazozifungua zimekufa kwa chumvi na jua. Koni ya karatasi inakunywa unyevu, sponji inayoishikilia koni pembeni inapasuka kwa jua, kisha chumvi inaingia kwenye koili na kuila. Maji ya wimbi moja yangekauka yenyewe, chumvi haikauki ikaondoka.

Ndiyo maana hizo namba za IP msizisome kama hirizi. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ni ya maji. 5 na 6 ni maji ya kurushwa kwa nguvu, 7 ni kuzamishwa mita 1 kwa dakika 30. Na hapa wengi wananaswa: kilichopita kipimo cha 7 si lazima kiwe kimepita cha 6. Kinaweza kutulia vizuri chini ya ndoo, halafu wimbi likikipiga usoni kikasalimu amri. Zaidi ya hapo, vipimo hivyo hufanywa kwa maji baridi, si ya chumvi. Ukitaka kujua kama kitu ni cha bahari kweli, tafuta kwenye maelezo yake kipimo cha ukungu wa chumvi, kinaitwa ASTM B117, na kipimo cha miale ya jua. Anayeuza spika ya bahari ya kweli huyaandika hayo kwa fahari. Asiyeyaandika, muulize kwa nini.

BintiShela
Mimi niko Lamu, natumia za kubeba kwa mwaka wa pili sasa. JBL Charge 5 mbili, moja omo moja tezi, naziunganisha kwa PartyBoost, ile njia ya JBL ya kuzifanya zipige pamoja. Kwa jahazi la tanga lisilo na mashine zinatosha kabisa. Lakini siku tukiwasha mashine, ni kama nimezizima.

Mambo matatu niliyojifunza kwa hasara. La kwanza, usichaji spika ikiwa imelowa, hata kama imeandikwa IP67. Ile kinga haihesabiki waya ukiwa umechomekwa, na chumvi kwenye tundu la chaji ikikutana na umeme, tundu linaungua. Yangu ya kwanza ilikufa hivyo. Sasa nikirudi naisuuza kwa maji ya kisima, naikausha usiku kucha, asubuhi ndiyo chaji. La pili, ukitaka kuziunganisha mbili nunua mbili kwa pamoja. Hizi mpya za JBL zinatumia Auracast na haziongei na zile za PartyBoost. Mjomba wangu alininunulia ya tatu kama zawadi, inakaa peke yake jikoni inasikiliza redio.

La tatu nimelisahau, nikilikumbuka nitarudi.

DogoMsasani
😂😂 La tatu labda ni Boombox.

MzeeTezi
Vijana, shikamoo zenu nipeni, nitaitikia baadaye. Nahodha, hizo spika zako mbili za tezini zilikuwa umbali gani na dira?

NahodhaKaskazi
Shikamoo mzee. Moja ilikuwa chini ya kibao cha dira, kama shubiri mbili hivi.

MzeeTezi
Marahaba. Basi ulikuwa unasafiri kwa kudra. Spika ina sumaku nyuma, tena kubwa. Mchana kweupe unaiona Kendwa kwa macho hutajua, lakini siku utakayorudi gizani na mvua imefunga, dira itakuonyesha kaskazini ya spika. Kabla hujatoboa tundu lolote, ishike spika mkononi uisogeze pole pole kuelekea dira. Pale sindano inapoanza kutikisika, rudi nyuma mara mbili ya hapo, ndiyo mpaka wako.

Na mkipita mbele ya kijiji saa ya magharibi, teremsheni sauti mpaka adhana iishe. Hilo halihitaji namba za IP.

FundiWaya
Ahsante mzee, la dira nilitaka kulisahau.

Tuje kwenye sauti yenyewe, maana kichwa cha mada ni sauti na tumeishia kuzungumza maji. Chumbani sauti inagonga ukuta inakurudia. Baharini inatoka na kwenda zake Pemba. Kwenye uwazi, kila umbali unapozidi maradufu unapoteza desibeli 6. Mtu wa tezini yuko mita 1 kutoka kwenye spika, wa omoni yuko mita 8, tofauti yao ni desibeli 18. Hakuna spika duniani itakayowaridhisha wote wawili ikiwa imekaa mahali pamoja, iwe Boombox, iwe ya dhahabu. Ndiyo ile hadithi yako ya wa mbele hawasikii, wa nyuma wanaziba masikio.

Kwa hiyo ushauri wangu: spika nne za kawaida, mbili kila ubavu, kila mgeni awe ndani ya mita 2 ya mojawapo. Hutahitaji kupandisha sauti, na mtaweza kuzungumza.

Unapochagua, usiangalie wati kubwa zilizoandikwa kwenye boksi. Angalia desibeli kwa wati moja. Spika ya 92 ukilinganisha na ya 86, ili ile ya 86 iifikie inahitaji umeme mara nne. Kwenye betri isiyochajiwa na mashine, hiyo namba ndiyo pesa yako.

Maskati_Mwambao
Niko Maskati, nimetokea Unguja. Huku boti za fiba zinashinda juani kutwa, kwa hiyo la jua FundiWaya kasema kweli. Spika nyeupe za plastiki duni zinakuwa manjano, halafu zinavunjika kwa kidole.

Kuhusu majina: Fusion wana za baharini, kampuni ya New Zealand, Garmin waliinunua 2014. JL Audio nao wako chini ya Garmin tangu 2023. Zote mbili nzuri sana, na kwa bajeti yako spika nne za JL sahau. Kenwood, Pioneer na Sony wana spika za baharini za inchi 6.5 za bei ya mtu wa kawaida, na ndugu zetu wengi wanazichukua Deira kule Dubai na kuzituma nyumbani na mizigo mingine. Mimi ningekwenda huko. Tahadhari moja tu: boksi likisema wati 500 na spika ni nyepesi kama sahani ya bati, iache. Ipime kwa mkono. Geuza nyuma uone kama sumaku imefunikwa na kama vituo vya waya si chuma kitupu.

NahodhaKaskazi
Mmenifungua macho. Maswali mawili. Mashua yangu ni mbao nene, haina uwazi ndani kama boti ya fiba. Nitazifunga wapi? Na umeme: mashine yangu haina chaji, natumia betri N70 (ya ampea-saa 70 hivi) naichaji nyumbani.

FundiWaya
Hapo kwenye mbao ndipo mafundi wengi wanaharibu. Wanachonga tundu kwenye ubao, wanaipachika spika, nyuma yake iko wazi. Sauti ya nyuma inakutana na ya mbele zinauana, besi inapotea, unabaki na twita, kile kispika cha sauti nyembamba, inayolia kama chiriku. Tengeneza makasha manne ya plaiwudi ya marini, lita 8 hadi 10 kila moja, yapakwe fiba ndani na nje, yafungwe chini ya mabenchi au juu kwenye nguzo za turubai. Uso wa spika uinamie chini kidogo ili maji yasituame kwenye koni. Skrubu ziwe stenlesi 316, za kawaida zitalia kutu kabla ya Ramadhani. Waya utafute ule ambao shaba yake imepakwa bati. Shaba tupu inakuwa nyeusi mpaka ndani ya plastiki, unakata sentimita kumi unakuta bado nyeusi.

Umeme: redio yako imeandikwa 4x50, kweli yake ni wati 18 hadi 20 kwa kila spika. Kwa muziki wa kawaida itavuta ampea 3 au 4. Masaa mawili na nusu ni ampea-saa 10. Ukiamua usiitumie N70 chini ya nusu, una safari tatu kabla ya kuchaji. Paneli ya sola ya wati 50 juu ya turubai itakurudishia safari moja kwa mchana mmoja wa jua. Amplifaya usinunue sasa. Na fyuzi iwe karibu kabisa na betri, si karibu na redio. Waya ukichubuka katikati, fyuzi iliyoko mwisho wa safari haikusaidii kitu, na mashua ni ya mbao.

KalafatiJr
Naongezea kidogo kutoka kwa watu wa kutengeneza vyombo. Ukipaka chombo sifa (mafuta ya papa), toa spika au zifunike vizuri. Mafuta yale yakigusa mpira wa spika yanaulainisha. Nimeona.

BintiShela
Nimekumbuka la tatu! Waulize wageni kabla hujawasha. Nusu ya wangu husema wamekuja kusikia maji na tanga. Kuna jioni nazirudisha Charge zote mbili kwenye kikapu tunakwenda kimya kimya, na hao ndio wanaoacha bakshishi nzuri.

MzeeTezi
Huyu binti ana akili. Na wakitaka muziki wape kijana mwenye fidla na sanduku la besi apige kidumbaki, hana waya huyo.

DogoMsasani
Mzee naye ana IP ngapi akilowa? 😂

MzeeTezi
68.

NahodhaKaskazi
Wakuu, nimerudi na mrejesho, wiki ya tano hii.

Nilichukua jozi mbili za Kenwood za baharini, ndugu aliniletea kutoka Dubai. Makasha kanitengenezea seremala hapa hapa Nungwi, wale wanaojenga majahazi pwani, alicheka sana nilipomwambia ni chumba cha spika. Yako chini ya mabenchi, mawili kila ubavu, yameinama. Nimebaki na pesa ya paneli.

Sauti: niseme ukweli, besi si ile ya harusini. Mgeni mmoja aliomba singeli na haikutoka inavyotakiwa. Lakini sasa nacheza kwa robo ya sauti niliyokuwa nikitumia zamani, na wa omoni wananiuliza jina la mwimbaji. Hilo halijawahi kutokea. Betri imefanya safari tatu kabla ya paneli kufungwa, kama fundi alivyosema.

Dira nilifanya alivyosema mzee. Spika ile ya zamani ilipotoka, sindano ilizunguka karibu upana wa vidole viwili ikatulia. Nilikaa kimya dakika nzima.

Kila jioni nazimwagia ndoo moja ya maji baridi. Sijui zitadumu kusi ngapi.

FundiWaya
Hongera. Singeli inataka sabufa na amplifaya, hiyo mada nyingine na bajeti nyingine. Makasha ulipaka fiba ndani pia au nje tu?

NahodhaKaskazi
Nje tu 😅 Seremala alikuwa na haraka.

FundiWaya
Kabla ya masika uyafungue.